Freddie, Montserrat na Kinanda Changu

Mwaka jana mwalimu wetu wa kwaya, hapa Ukonga, aliniweka kikao. Alikuwa amesikia kwamba Jumamosi naimba kwenye harusi, mimi na kinanda tu, ngoma na gitaa zote zikiwa zimeshapangwa humohumo ndani. Akanitaka nichague: nota za solfa alizonifundisha miaka sita, au hicho kinanda. Wanachuo wenzangu, si mnajua bumu lilivyo? Hela ya harusi ndiyo nauli yangu ya daladala kutoka Mombasa mpaka chuoni (Mombasa ya Ukonga, siyo ya Kenya). Nikakosa jibu. Wiki hiyo ndipo nikaanza kumfuatilia Freddie Mercury.

Wengi tunamtaja tu kwenye mabishano ya kijiweni, kwamba yule ni Mzanzibari, basi. Alizaliwa Unguja mjini tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, baba akiwa mtunza fedha kwenye serikali ya kikoloni. Bado mdogo, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akajifunza piano na kuanzisha bendi na wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza, na chuoni alisomea michoro, siyo muziki. Hapo nikashtuka. Yaani mtu aliyeanza na Queen mwaka 1970, akaja kuuimbisha uwanja mzima wa Wembley mwaka 1985, hakusomea uimbaji chuo chochote!

Sasa twende mwanzoni mwa miaka ya themanini. Alikwenda kwenye opera London kumsikiliza Luciano Pavarotti, lakini aliyemteka ni mwanamama wa Kihispania, Montserrat Caballé. Huyu alikuwa amesoma hasa, miaka mingi katika chuo cha muziki cha Barcelona. Walikutana Machi 1987, hotelini, mjini humohumo. Freddie alikuwa staa wa dunia, lakini siku hiyo alikuwa na wasiwasi kama mwanafunzi anayesubiri mtihani wa mdomo. Yeye alikuwa amefikiria wimbo mmoja. Mama akataka albamu nzima.

Albamu ikatoka Oktoba 1988, ikaitwa Barcelona. Kilichonigusa ni hiki: sehemu kubwa ya okestra mnayoisikia humo ni vinanda vya umeme, vilevile vilivyotawala muziki wa pop wa miaka ya themanini. Na Caballé hakupunguza kitu. Pumzi ni ileile, sauti ni ileile ya kwenye jumba la opera. Aliyelazimika kupanda ni Freddie, na alipanda, huku virusi vya UKIMWI vikiwa tayari mwilini mwake. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Mwaka uliofuata Olimpiki ikafanyika Barcelona, na wimbo wao ukapigwa, yeye akiwa hayupo.

Mwaka 2012 albamu ilitolewa upya, safari hii na okestra ya watu kweli. Nimezisikiliza zote mbili kwenye foleni ya Banana, spika moja ya sikioni imekufa. Mpya ni nene zaidi, sikatai. Lakini sauti ya mama yule haikuongezeka hata tone, kwa sababu ya kwanza haikupungua.

Nikampelekea mwalimu simu yangu, nikampigia wimbo mmoja wa albamu ile ya zamani. Akasikiliza mpaka mwisho, akifuata pumzi kwa kidole. Akauliza okestra hiyo ni ya wapi. Nikamwambia, mwalimu, kwa sehemu kubwa hicho ni kinanda.

Akanyamaza. Ruhusa hajanipa mpaka leo, ila kuniondoa pia hajaniondoa. Jumamosi hii nina harusi Gongo la Mboto. Jumapili asubuhi niko mstari wangu, sauti ya tatu.