Harald Hirschsprung
Harald Hirschsprung (14 Desemba 1830 – 11 Aprili 1916) alikuwa daktari wa watoto kutoka Denmark. Anajulikana hasa kwa ugonjwa wa utumbo mpana unaoitwa kwa jina lake.

Alizaliwa Copenhagen. Baba yake alikuwa na kiwanda cha tumbaku, lakini Harald alichagua udaktari, akawa mganga mkuu wa hospitali ya watoto mjini humo. Husimuliwa kwamba Malkia Louise alitaka aya za Biblia juu ya vitanda, naye akapendelea picha za wanyama.

Mwaka 1886, mjini Berlin, alieleza habari za watoto wachanga wawili waliokufa baada ya kufunga choo tangu kuzaliwa. Utumbo mpana wao ulikuwa umetanuka sana, kuta zake nene. Alidhani kasoro iko hapo. Kumbe sehemu hiyo ilikuwa nzima, imechoka tu kusukuma kinyesi: ugonjwa uko chini yake, karibu na mkundu, ambapo utumbo hukosa seli za neva zinazolegeza misuli, hivyo hubaki umejikaza.

Kosa hilo lilidumu. Madaktari walikata sehemu iliyotanuka, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1948 Orvar Swenson, daktari wa upasuaji huko Boston, Marekani, alichapisha njia ya kuondoa sehemu iliyojikaza na kuunganisha utumbo wenye neva na eneo la mkundu. Watoto wakaanza kupona.

Siku hizi mtoto mchanga asiyepata choo ndani ya saa 48 huchunguzwa kama ana ugonjwa huo.