Nahodha Aliyechora Vita vya Watumwa

Zamani, kabla kamera haijaweza kupiga picha ya chombo kiendacho mbio, vita vya baharini vilionekana kwa mkono wa mchoraji aliyekuwapo. Waholanzi walikuwa na Willem van de Velde, ambaye mwaka 1666 alichora mapigano ya siku nne akiwa ndani ya mashua kati ya manowari. Pwani ya Afrika Mashariki ilimpata George Lydiard Sulivan, Mwingereza.

Sulivan alifika pwani hiyo mwaka 1849, angali kijana, katika manowari Castor. Mwaka 1868 alikuwa nahodha wa Daphne, akiyafukuza majahazi yaliyopeleka watumwa Arabuni. Daphne ilikwenda kwa tanga na kwa mvuke, lakini haikuweza kuingia maji machache. Kwa hiyo mabaharia walishuka katika mashua wakavuta makasia. Mara nyingi majahazi yalipandishwa pwani kusudi wenyewe wakimbie, na watumwa wengi wakafa maji.

Sulivan hakutosheka kuyakamata. Aliwachora na kuwapiga picha watu waliookolewa, wameketi sitahani, wamekonda mifupa mitupu. Mwaka 1873 alitoa kitabu London chenye picha hizo, na watu wa Ulaya wakayaona wasiyotaka kuyaamini. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Sulivan alifariki mwaka 1904.

Sisi wa Nchelenge tusidhani kuwa habari hizi ni za mbali. Misafara ilitoka kwa Mwata Kazembe, kusini ya ziwa letu la Mweru, ikaenda mpaka pwani. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi wa Novemba 1867, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanya biashara Mwarabu.

Lakini kuna jambo la kusikitisha. Waliookolewa hawakurudishwa kwao, bali wengi walipelekwa Shelisheli, Aden na Bombay. Sura zao tunaziona, ila majina ya wengi wao hayakuandikwa, kwa maana kalamu ilikuwa mkononi mwa nahodha, si mwao.

Basi wenzangu, likizo ikija, tuwaulize wazee habari za misafara, tuziandike pamoja na majina. Kalamu sasa tunayo sisi.