Bingwa Asiyetamba

Jumapili moja hapa Kitangari tulimwona kijana akifunga bao, kisha akamwendea kipa aliyekuwa angali mavumbini, akamchezea ngoma usoni. Watazamaji walicheka, nasi, twakiri, tulitabasamu. Vijana hujifunza hayo kwa mabingwa wa televisheni, na wachezaji wa tenisi wa kulipwa hawako nyuma: huyu apasua shati, yule avunja raketi, mwingine amdhihaki mshindani wake mbele ya maelfu. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyepata kufika Tanzania mwaka 1970, katika safari yake ya kucheza tenisi barani Afrika.

Alizaliwa Richmond, Virginia, tarehe 10 Julai 1943. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita tu; baba yake alikuwa mtunzaji wa kiwanja cha michezo cha watu weusi. Mwalimu wake, Daktari Robert Walter Johnson, alimfundisha kwamba mpira wa mshindani ukianguka nje kidogo ya mstari, auhesabu kuwa umo ndani. Asibishane na mwamuzi wala asitupe raketi. Sababu yake ilikuwa chungu. Wenye viwanja walikuwa Wazungu, na kosa dogo lingetosha kumfukuzisha mtoto mweusi. Adabu inayodaiwa kwa mnyonge peke yake ni dhuluma, nasi hatuisifu.

Lakini Ashe alipokuwa mtu mzima mwenye jina, ambaye hakuna awezaye kumfukuza, aliishika adabu ile kwa hiari yake. Tarehe 5 Julai 1975 alipambana na Jimmy Connors katika fainali ya Wimbledon. Connors alikuwa kijana wa miaka 22, bingwa wa mwaka uliotangulia, tena alikuwa amemshtaki Ashe mahakamani. Wengi walitazamia Ashe apondwe. Yeye akapiga mipira ya polepole, ya chini, na kila walipopumzika aliketi amefumba macho. Akashinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, mwanamume mweusi wa kwanza kupata taji lile. Alikunja ngumi kitambo kidogo kuwaelekea rafiki zake, akampa Connors mkono. Basi.

Wasidhani wasomaji kwamba hakuwa na hasira. Mwaka ule ule, mjini Stockholm, Ilie Năstase alimchokoza kwa mizaha na kuchelewesha mchezo mpaka Ashe akatoka uwanjani, ingawa alikuwa akiongoza. Wakuu wa mashindano wakampa Ashe ushindi. Năstase akamletea maua, naye akayapokea. Kisha, tangu 1981 hadi 1985, alikuwa nahodha wa timu ya Marekani, akilazimika kumtuliza John McEnroe, bingwa wa makelele. Twadhani kazi hiyo ilimchosha kuliko Wimbledon.

Alifariki tarehe 6 Februari 1993, kwa UKIMWI alioupata katika damu aliyotiliwa hospitalini.

Mwaka 1971, huko Kamerun, alikuwa amemwona mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, akacheza naye na kumwombea nafasi Ufaransa. Noah akatwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983. Siku hiyo baba yake aliruka kutoka kwa watazamaji, wakakumbatiana uwanjani wakilia, na mshindani wao hakutukanwa.