Siti binti Saad: Kutoka Kunadi Vyungu hadi Kunadiwa

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Jina la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Alijifunza ufinyanzi, na katika ujana wake alijitwika vyungu na kuvinadi njiani kwa kuimba. Biashara hiyo ya kwanza ya sauti aliiendesha mwenyewe. Chungu kilichouzwa kilimlipa yeye.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifunzwa uimbaji na Muhsin bin Ali, akapata wenzi kama Subeti, Buda na Mbaruku, na akapewa jina la Siti, yaani bibi wa heshima. Tangu enzi ya Sayyid Barghash (1870–1888) taarabu ilikuwa burudani ya kasri, ikiimbwa na wanaume kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili pia, mbele ya wakubwa na mbele ya makabwela. Wapinzani walimsimanga kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba.

Mwaka 1928 kundi lake lilikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, iliyotumia chapa ya mbwa anayesikiliza santuri. Hapana haja ya kudhani kwamba kampuni iliongozwa na mapenzi ya Kiswahili. Ilikuwa na mashine za kuuza, na mtu hanunui santuri ikiwa hakuna sahani za lugha anayoielewa. Sauti ya Siti ndiyo iliyoinadi mashine. Kwa upande mwingine, sahani haikuonyesha sura; waliomsimanga walinyang'anywa silaha yao kubwa. Hilo ni jambo la kutafakari katika zama hizi ambapo picha ya msanii hutangulia wimbo wake.

Faida hiyo ilikuwa na gharama. Upande mmoja wa sahani ulichukua takriban dakika 3, ilhali barazani beti ziliweza kurudiwa mpaka usiku wa manane, wasikilizaji wakiinuka kutunza. Tuzo humfikia mwimbaji mkononi. Sahani huuzwa yeye hayupo, na mnunuzi humlipa mwenye duka.

Lakini ni sahani hiyo hiyo iliyoweza kuvuka bahari. Msikilizaji wa Bagamoyo, au wa Lugoba kule bara yake, asiyekuwa na nauli ya jahazi wala mwaliko wa arusi ya mjini, hakuwa na njia nyingine ya kumsikia Siti. Kiswahili chake hakikuhitaji mkalimani huko. Hata wimbo wa Kijiti, unaolalamikia mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuitembelea Unguja na hukumu ya mahakama ya kikoloni, ungeweza kupita katika soko kama burudani tu.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliidhoofisha biashara ya sahani. Siti aliendelea kuimba. Mwaka 1950 Shaaban Robert alimhoji, na tarehe 8 Julai mwaka huo huo Siti akafariki. Wasifu ulichapishwa mwaka 1958.

Miongoni mwa vijana waliovutiwa naye alikuwamo kigoli Fatuma binti Baraka, aliyejulikana baadaye kama Bi Kidude. Huyu hakungojea santuri: alijifunza kwa kumsikiliza Siti mwenyewe. Hadi uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti katika kumbi za Ulaya, Kijiti ukiwa mmojawapo.