Joseph Lister, Daktari Aliyehesabu Vidonda



Huku kwetu Shinyanga na Geita, watu waliozoea mashimo ya dhahabu wanalijua jeraha moja linaloogopwa sana. Jiwe humwangukia mtu mguuni, mfupa ukavunjika na ncha yake ikatoboa ngozi. Leo mtu huyo akifikishwa hospitali mapema, tunalo tumaini la kumwona akitembea tena. Lakini kabla ya mwaka 1865, hata katika miji mikubwa ya Ulaya, mguu wa namna hiyo mara nyingi ulikatwa, na wengi waliokatwa walikufa. Aliyeanza kuyabadili mambo hayo ni Joseph Lister.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, karibu na London. Wazazi wake walikuwa wa dhehebu la Marafiki, lile lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya. Baba yake aliuza divai, lakini alipenda elimu, naye akatengeneza lenzi za hadubini zilizo bora kuliko za zamani. Basi kijana alikua akizoea kutazama vitu visivyoonekana kwa macho matupu.

Alisomea udaktari London. Mwaka 1853 alikwenda Edinburgh, Scotland, kufanya kazi chini ya James Syme, mpasuaji mashuhuri. Mwaka 1856 alimwoa Agnes, binti wa Syme, akahamia Kanisa la Episkopo la Scotland, lililo ndugu wa Kanisa letu la Anglikana. Hawakujaliwa kupata watoto, ila Bibi Agnes alikuwa msaidizi wake wa kweli. Kurasa nyingi sana za madaftari ya majaribio ya Lister ziliandikwa kwa mkono wa mkewe.

Mwaka 1860 Lister alifanywa profesa huko Glasgow, na mwaka uliofuata alipewa wodi za upasuaji. Siku zile wapasuaji walivaa makoti yaliyokakamaa kwa damu. Kisu kilifutwa tu, kikapita kutoka mgonjwa hata mgonjwa. Vidonda vikioza, watu walilaumu hewa mbaya. Lister aliona kwamba mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima hupona, bali ngozi ikitoboka uozo huingia. Ndipo mwaka 1865 alipopata habari za Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeonyesha kwamba vitu huozeshwa na vijidudu. Akatafuta dawa ya kuviua. Akaichagua karboliki, kwa kuwa alisikia imetumika kuondoa uvundo wa maji machafu katika mji wa Carlisle.

Tarehe 12 Agosti 1865 aliletewa mtoto wa miaka 11, James Greenlees, aliyepitiwa mguuni na gurudumu la mkokoteni. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Lister alikifunika kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa karboliki. Baada ya majuma 6 mfupa ulikuwa umeunga, na mguu haukukatwa.

Sisi walimu tunajua kwamba mtoto mmoja akifaulu mtihani, hiyo si sifa ya shule nzima. Lister naye alilijua hilo. Aliwafuata wagonjwa mmoja mmoja na kuandika kila kidonda kilivyoendelea. Mwaka 1867 alitoa habari za wagonjwa 11 wenye mifupa iliyotoboa ngozi. Aliyekufa alikuwa mmoja tu. Baadaye alihesabu wagonjwa wake waliokatwa viungo. Katika mwaka 1864 na 1866 walikuwa 35, wakafa 16. Kuanzia 1867 hata 1869, alipokuwa akitumia karboliki kwa mikono, vyombo na vidonda, walikuwa 40, wakafa 6.

Wengi hawakusadiki. Wengine walisema kwamba hesabu ni ndogo, na kwamba miaka tofauti hailinganishwi kirahisi. Neno hilo halikuwa la bure. Tena Lister mwenyewe alikosea mahali: tangu 1871 alitumia bomba la kunyunyiza karboliki hewani, likawasumbua wote waliokuwamo chumbani. Ushahidi ulipoonyesha kwamba hatari kubwa imo katika mikono na vyombo, wala si hewani, aliliacha, na mwaka 1890 alikiri hadharani kwamba anaona haya kuwa alilipendekeza. Wakati huo alikuwa na miaka 63 na jina kubwa. Ni wangapi kati yetu wangeweza?

Bibi Agnes alifariki mwaka 1893. Mwaka 1897 Lister alipewa cheo cha Lord, naye alifariki tarehe 10 Februari 1912.

Karboliki imeachia nafasi mvuke wa moto, lakini daftari limebaki. Katika hospitali yenye utaratibu mzuri, kila furushi la vyombo huandikwa tarehe, namba ya mashine na jina la aliyelitakasa. Utepe uliobandikwa juu yake hugeuka rangi ukipata joto, ila hauthibitishi peke yake kwamba vijidudu vyote vimekufa. Kwa hiyo kidonda cha mgonjwa kikioza, daftari ndilo linalowarudisha wauguzi nyuma hata siku ile na mashine ile, wakajua wengine waliotumiwa vyombo hivyo.

Kanda yetu ya Ziwa nayo imehesabu. Tangu mwaka 2018 mradi wa Safe Surgery 2020 uliwafundisha watumishi wa vituo 10 upasuaji salama na uandishi wa kumbukumbu, wakalinganishwa na vituo vingine 10 katika muda ule ule. Hivyo lile neno la wapinzani wa Lister lilipata jibu. Katika vituo vilivyofundishwa, maambukizo makali ya akina mama wazazi yalipungua.

Basi, tukimwona muuguzi ameinama akiandika daftarini wakati sisi tumepanga foleni, tusinung'unike kwamba anapoteza muda. Huenda anaandika mstari utakaomwokoa mtu asiyemjua.