MAISHA YA SALVATORE FERRAGAMO, FUNDI WA VIATU

Katika gazeti letu tumekwisha kusoma maisha ya wafalme, ya wamisionari na ya watu wa siasa. Mara hii nimechagua fundi wa viatu. Ninajua kuko watakaocheka, maana hapa kwetu fundi wa viatu ni yule baba anayekaa chini ya mti karibu na soko, na sanduku lake la misumari na chupa ya gundi, na hakuna mzazi anayelipa minervali ili mtoto wake akuwe sawa yeye. Basi mujue kwamba kule Italia, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu walicheka vilevile.

Salvatore Ferragamo alizaliwa tarehe 5 mwezi wa sita mwaka 1898 katika kijiji cha Bonito, kusini mwa Italia, upande wa mji wa Napoli. Wazazi wake walikuwa wakulima masikini. Watoto walikuwa 14, naye alikuwa wa 11. Tangu utoto wake alipenda kwenda kukaa kwa fundi wa viatu wa kijiji na kumtazama akipiga nyundo. Wazazi walikataa kabisa. Huko kwao kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya chini kupita zote, na hata masikini aliona haya mtoto wake akiifanya.

Sasa musikie jambo lililogeuza mawazo yao. Salvatore alikuwa na miaka 9. Dada zake wadogo walikaribia siku ya komunyo ya kwanza, ambayo kwa Wakatoliki ni sikukuu kubwa, na msichana anapaswa kuvaa nguo nyeupe na viatu vyeupe. Nyumbani hapakuwa na pesa ya kununua viatu hivyo. Mama alihuzunika sana, juu ya haya mbele ya kijiji kizima. Yule mtoto akaenda kuomba vipande vya kitambaa cheupe na vyombo kwa fundi, halafu usiku, wengine wote wakilala, akakaa macho akifanya kazi. Asubuhi viatu vilikuwa tayari, na wasichana wakaenda kanisani wamevivaa. Tangu ile siku hakuna aliyemkataza tena. Alipelekwa Napoli kujifunza kazi vizuri, halafu akarudia Bonito na kufungua duka lake mwenyewe katika nyumba ya wazazi, angali mtoto mdogo wa umri wa wale wanaoingia kwetu mwaka wa kwanza.

Mwaka 1915 akavuka bahari kwenda Marekani, ambako ndugu zake wengine walikuwa wamemtangulia. Kwanza alifika Boston, akaona kiwanda kikubwa ambamo mashini zinatoa viatu kwa maelfu. Mwingine angefurahi. Yeye alichukizwa. Aliona viatu vizito, vigumu, visivyo na uzuri, akakataa kukaa pale. Akasafiri mpaka California, katika mji wa Santa Barbara, na kufungua duka la kutengeneza viatu pamoja na ndugu zake. Pale kulikuwa na watu wa sinema. Walihitaji buti za wachunga ng'ombe na viatu vya zamani kwa ajili ya filamu zao, na yule kijana alijua kutengeneza vyote. Sinema ilipohamia Hollywood, naye alihamia, mwaka 1923. Katika mwaka huohuo Cecil B. DeMille alitoa filamu ya Amri Kumi, ile ya Musa na kutoka Misri, na viatu vyake vilitoka kwa Ferragamo. Wachezaji wakubwa wa wakati ule, sawa Mary Pickford na Gloria Swanson, walivaa viatu vyake katika filamu, halafu wakarudi kuomba vingine vya kuvaa nyumbani.

Lakini kuko jambo lililomsumbua, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilianza kumheshimu. Viatu vyake vilikuwa vizuri kwa macho, lakini viliumiza miguu. Sisi tunaotembea kilometa nyingi kurudia internati na kiatu cha mkubwa wetu tunajua maumivu hayo. Mafundi wengi wangesema mguu ni mbaya. Yeye aliona kosa si la mguu, ni la kiatu. Basi akaenda kufuata masomo ya anatomia katika chuo kikuu cha Kusini mwa California, pale Los Angeles, ili ajue mifupa ya mguu inavyobeba mwili. Akagundua kwamba mtu akisimama, uzito wa mwili unashuka wima juu ya upinde wa mguu, ile sehemu ya katikati isiyogusa chini. Na mafundi walikuwa wanaacha sehemu ile bila kitu cha kuishika! Akaanza kuweka kipande chembamba cha feleji ndani ya soli, chini ya upinde. Kwa njia hiyo mwanamke aliweza kuvaa talo ndefu bila vidole kusukumwa mbele na kubanwa. Siri ya kazi yake yote iko hapo, katika kile chuma ambacho hakuna anayekiona.

Mwaka 1927 akarudia Italia. Oda zilikuwa nyingi kupita mikono aliyokuwa nayo, na Marekani hakupata mafundi wa kutosha wa kushona kwa mkono. Akachagua mji wa Florence, akakusanya mafundi kama 60 na kuwagawia kazi: huyu anakata ngozi, yule anashona, mwingine anapiga soli. Ilikuwa sawa kiwanda, lakini bila mashini. Viatu vilipelekwa Marekani kuuzwa. Halafu mwaka 1929 biashara ya Marekani ikaanguka, wanunuzi wakakosa pesa, na mwaka 1933 Ferragamo akatangazwa kuwa amefilisika. Alikuwa na miaka 35. Akaanza tena karibu na sifuri, safari hii akiuzia Waitalia wenyewe, na akalipa madeni pole pole. Mwaka 1938 akaweza kununua Palazzo Spini Feroni, jumba la mawe la karne ya 13 katikati ya Florence, ambamo alikuwa amepanga vyumba.

Katikati ya miaka hiyo iko habari inayotugusa sisi Waafrika. Mwaka 1935 Mussolini alishambulia Ethiopia. Shirika la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo, na feleji nzuri ikakosekana. Vile vipande vya ndani ya soli vikaanza kuvunjika, na wateja wakarudisha viatu. Ferragamo akajaribu kitu kingine: gamba lile jepesi linalotoka kisiwa cha Sardinia, wanalotengenezea vizibo vya chupa za mvinyo. Akagandisha vipande juu ya vipande mpaka akajaza nafasi yote kati ya soli na kisigino. Hivyo kikazaliwa kile kiatu cha soli nene ambacho wamama wetu wanavaa mpaka leo siku ya ndoa. Wanaosifu akili yake kwa jambo hilo mara nyingi wanasahau kusema vita vile vilikuwa vya kunyang'anya nchi ya watu. Mimi ninasema. Na mwaka 1941 askari wa Force Publique kutoka Kongo yetu walikwenda kuwapiga Waitalia hukohuko Ethiopia, wakawashinda Saïo, jina ambalo kambi ya Bukavu inalibeba.

Wakati wa upungufu alifanya viatu kwa kila kitu: rafia, katani, ngozi ya samaki, hata selofani, ile karatasi inayong'aa ya kufungia bomboni. Mwaka 1938 alimtengenezea Judy Garland, mwimbaji wa Marekani, sandali ya soli ndefu yenye rangi za upinde wa mvua. Mwaka 1947 akatoa sandali ya uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, na mguu ukaonekana sawa haukuvaa kitu. Mwaka ule akapewa zawadi ya Neiman Marcus kule Dallas, pamoja na Christian Dior mshona nguo wa Ufaransa. Hakuna fundi wa viatu aliyewahi kuipata mbele yake.

Mwaka 1940 alioa Wanda Miletti, binti wa daktari wa Bonito. Yeye alikuwa na miaka 42, bibi 18. Walizaa watoto sita. Karibu na 1950 alikuwa na wafanyakazi 700, wakitoa jozi 350 kwa siku, zote kwa mkono. Greta Garbo, Marilyn Monroe, Audrey Hepburn walikuwa wateja wake. Bei ilikuwa ya matajiri, hilo siwezi kuficha. Mke wa mkulima wa Bonito hakuweza kuvinunua.

Alikufa tarehe 7 mwezi wa nane mwaka 1960. Wengi walifikiri nyumba itafungwa. Mjane wake hakuwa amefanya kazi ya ofisi hata siku moja, na mtoto wa mwisho alikuwa bado mdogo. Lakini Wanda akakaa katika kiti cha bwana wake, akawaingiza watoto mmoja mmoja, kwanza Fiamma, aliyekwisha kujifunza kwa baba. Aliiongoza nyumba miaka mingi, akafa mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Katika lile jumba la Florence kuko makumbusho tangu 1995, na humo wanatunza miguu ya miti ambayo Ferragamo alichonga kwa kipimo cha kila mteja, na jina la mwenyewe limeandikwa juu yake.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita