Grove: Jaji aliyezalisha umeme bila moto
William Robert Grove alizaliwa Swansea, Wales, mwaka wa 1811. Alikuwa wakili, ila moyo wake ulizama katika sayansi. Mnamo 1842 alikutanisha haidrojeni na oksijeni katika betri yake ya gesi, akapata umeme na maji pasipo moto wala moshi.

Hata hivyo, umeme ulikuwa kidogo na platinamu aliyotumia ghali. Grove aliteuliwa jaji mwaka wa 1871, akafariki 1896, uvumbuzi wake ukiwa ungali wa maabara.

Kuanzia 1968, mitambo ya aina hiyo iliwapa wanaanga wa Apollo umeme na maji ya kunywa. Leo, mingine hupata haidrojeni kutoka kwa gesi asilia. Hewa ya ukaa bado hutoka, lakini masizi hayapo.